Memori kadi: sanduku lililogeuzwa chumba

Maelezo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita, na kama ilivyo desturi yetu tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao saa ile walikuwa kwenye daladala, jikoni au usingizini.

Chanzo chake ni swali la msikilizaji wetu wa Ifakara, mama mmoja mkulima wa mpunga. Simu yake, moja ya zile za bei ya chini tunazozijua sote, ilikuwa kila kukicha ikimwambia kwamba nafasi imejaa. Mpwa wake akamshauri zile programu na picha zihamishiwe kwenye memori kadi, akaichukua simu, akabonyeza hapa na pale, na kweli simu ikapata nafuu. Miezi michache baadaye simu ikatumbukia majini shambani na kufa. Mama hakuhuzunika sana, maana kadi ilikuwa nzima. Akaipachika kwenye simu ya binti yake. Simu ile ikamjibu kwamba kadi haisomeki, na kwamba ikitakiwa kutumika lazima kwanza ifutwe yote. Ndani ya kadi hiyo mna picha za marehemu mumewe. Basi anauliza: "Mwanangu, mbona zamani kadi ilitoka kwenye simu mbovu ikaenda kuimba kwenye simu nzima? Nani amebadilisha, na lini?"

Mafundi wanaweza kumjibu kwa maneno matatu. Mimi nimelichukua kama swali la historia, kwa sababu jibu lake limetandazwa katika miaka zaidi ya ishirini, na walioliandika wengi hawajawahi kulisikia jina la Ifakara.

Tuanze na kadi yenyewe. Ilitangazwa mwaka 1999 na makampuni matatu: SanDisk ya Marekani, na Matsushita na Toshiba za Japani. Ile ndogo ya ukubwa wa ukucha, ambayo ndiyo tunayoiita memori kadi ya simu, SanDisk waliitoa mwaka 2004 kwa jina la TransFlash, na mwaka 2005 ikakubaliwa kuwa ya watengenezaji wote kwa jina la microSD. Kazi iliyoundiwa ilikuwa kubeba vitu: picha kutoka kwenye kamera kwenda kwenye kompyuta, muziki kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu. Kwa hiyo iliandikwa kwa mpangilio wa kizamani uitwao FAT, ambao sifa yake kubwa ni kwamba karibu kila mashine inausoma. Mpangilio huo haukuulizi wewe ni nani wala umetoka wapi. Aliyeishika kadi ndiye mwenye kadi, kama vile aliyeshika sanduku lisilo na kufuli.

Sanduku hilo liliingia Bonde la Kilombero pamoja na simu za Kichina zenye spika kubwa, laini mbili na tochi, katika miaka ya 2008 hadi 2012 hivi. Wenye umri wangu watakumbuka. Pale sokoni na stendi ya Ifakara, kama ilivyokuwa Mang'ula, Kidatu na Mlimba, kila kibanda cha kuchaji simu kilikuwa na kijana mwenye kompyuta moja iliyojaa vumbi na nyimbo. Unampa kadi yako, unamtajia unachotaka, yeye anakujazia: Bongo Fleva, taarabu, kwaya, mahubiri, sinema za nje zilizowekewa sauti ya Kiswahili. Abiria wa treni ya TAZARA walipanda na kadi zilizojaa. Kabla ya daraja la mto Kilombero kuzinduliwa mwaka 2018, waliokwenda Ulanga na Malinyi walisubiri pantoni kando ya mto, na hapo ungesikia nyimbo kumi kwa wakati mmoja, kila mtu na simu yake begani.

Sisi wa redio hatukufurahi. Tulizoea kwamba mtu akitaka wimbo atatuandikia salamu na kusubiri, na ghafla kila mvuvi wa Kindamba akawa na kituo chake cha utangazaji mfukoni. Wasanii walikuwa na haki zaidi ya kulalamika: sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA, ilikuwa tayari kwenye vitabu, lakini katika biashara ya vibanda senti haikurudi kwa aliyeimba. Hayo tumeyasema sana katika safu hii, nami siyarudii leo.

Ninachotaka tukione ni kile ambacho kadi iliwafanyia watu mbali na nyimbo. Simu zile zilikufa upesi. Zilianguka, zililowa, ziliibwa, betri zilivimba. Lakini kadi ilitolewa kwa ukucha, ikafutwa kwenye kanga, ikapachikwa kwenye simu nyingine, na harusi ikaonekana, na sauti ya bibi ikasikika. Hata katika kazi yetu ilikuwa hivyo. Nilianza na kaseti, nikapitia zile diski ndogo za MiniDisc, na kilipokuja kinasa sauti cha kadi nilijifunza kwamba mashine ni ya ofisi, kadi ni yangu. Mzee anayesimulia jinsi reli ilivyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 hapatikani mara mbili, na sauti yake niliibeba katika mfuko wa shati, siyo ndani ya mashine.

Sasa yaje yale ya programu, maana hapo ndipo njia ilipopinda.

Simu za Nokia zilizotumia mfumo wa Symbian zilikuwa na adabu moja nzuri. Ukitaka kuweka programu, zilikuuliza: niiweke kwenye simu au kwenye kadi? Ukachagua mwenyewe. Mfumo wa Android ulipotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2008, katika simu ya HTC Dream, hiari hiyo haikuwamo. Programu zote zilikaa ndani, na kadi ikaachiwa picha na muziki. Sababu yao haikuwa ya kipuuzi. Ule mpangilio wa FAT haujui mambo ya ruhusa, kwa hiyo programu iliyokaa kwenye kadi ingeweza kuchomolewa, kunakiliwa na kuuzwa vibandani kama wimbo, na programu moja ingeweza kuchungulia mambo ya nyingine.

Kwa mtu wa California mwenye simu ya bei mbaya, katazo hilo lilikuwa usumbufu mdogo. Kwa huku kwetu lilikuwa ukuta, na ukuta huo tuliugonga mwaka 2011. Mwaka huo jirani zetu Wakenya waliuziwa na Safaricom simu ya Huawei iitwayo IDEOS kwa takriban shilingi 8,000 za kwao, na kwa mara ya kwanza simu ya Android ikawa kitu ambacho mwalimu au bodaboda anaweza kukifikiria. Zikafuata nyingine za tabaka hilo, ikiwamo Samsung Galaxy Y, ambayo nafasi ya ndani iliyobaki kwa mwenye simu ilikuwa megabaiti 180 tu. Msomaji pima mwenyewe: nafasi hiyo yote haijai hata theluthi moja ya CD moja ya zamani. Ukiweka WhatsApp, Facebook na programu moja ya kusomea Biblia au Kurani, simu inaanza kulia kwamba imejaa, hali kadi ya gigabaiti 4 imekaa pembeni na nafasi tele. Ni kama mtu analala na watoto sita katika chumba kimoja wakati ghala la jirani ni tupu na ufunguo haupo.

Kwa bahati, Google walikuwa wamekwisha legeza kamba mwaka 2010 kwa toleo la Android 2.2. Ndilo lililoleta yale maneno ambayo yameingia katika Kiswahili cha vibandani: "hamishia kwenye kadi". Jinsi lilivyofanya kazi inafaa kuelezwa, kwa sababu watu wengi walidhani programu yote inahama. La hasha. Mwili wa programu ulifungwa katika faili moja lenye kufuli na kuwekwa kwenye folda iliyofichwa ndani ya kadi. Lakini kumbukumbu zake za siri, hifadhidata yake na sehemu ile iliyokwisha andaliwa kwa ajili ya kutenda kazi vilibaki ndani ya simu.

Wakulima wa Kilombero hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Familia nyingi za bonde hili zina nyumba kijijini au mjini, na msimu wa mpunga ukianza huhamia mashambani bondeni kwa miezi kadhaa, zikaishi kwenye madungu na vibanda. Watafiti wa malaria wa pale Ifakara wameandika mengi kuhusu desturi hiyo, kwa kuwa huko dunguni ndiko mbu waliko na zahanati haiko. Sasa anayehamia dunguni hachukui nyumba nzima. Anachukua mkeka, sufuria, jembe na chandarua. Hati, masanduku na kuku wengine anaviacha kwa jirani. Ndivyo programu zilivyohamia kwenye kadi. Ndiyo maana ulihamisha programu kumi na bado simu ikajaa: mabaki ya programu kumi yalikuwa yamelala ndani.

Tena si zote zilizokubali kuhama. Aliyeiandika programu ndiye aliyeamua kama inaruhusiwa kutoka, na nyingi hazikuruhusiwa. Zile zinazofanya kazi chinichini, zenye kengele ya kukuamsha, au zinazokaa juu ya kioo cha mbele zilishauriwa zisihame, kwa sababu kadi ikichomolewa kidogo tu, au simu ikiunganishwa kwenye kompyuta, programu zilizoko humo huzimika mara moja. WhatsApp, ambayo ndiyo hasa watu walitaka ihame, haikuhama; picha zake ndizo zilizokwenda kwenye kadi. Hapo mafundi wetu wakaingia na ujanja. Walivunja kufuli la mfumo wa simu, wakaigawa kadi vipande viwili, na kwa kutumia programu kama Link2SD wakaidanganya simu iamini kwamba kipande kimoja cha kadi ni sehemu ya tumbo lake. Simu nyingi zilipona kwa njia hiyo, na si chache zilikufa mikononi mwa fundi. Huo, kwa maoni yangu, ni ukurasa wa historia ya ufundi wa Tanzania ambao haujaandikwa vya kutosha.

Wakati sisi tunahangaika kuhamia kwenye kadi, wakubwa walikuwa wanaihama kadi yenyewe. Simu ya Nexus S, iliyotoka na baraka za Google mwishoni mwa mwaka 2010, haikuwa na kitundu cha kadi kabisa. Toleo la Android 4.4 la mwaka 2013 likazizuia programu kuandika popote kwenye kadi ila katika folda zake zenyewe. Samsung wakaondoa kitundu kwenye Galaxy S6 mwaka 2015, wateja wakapiga kelele, kikarudi kwenye S7 mwaka 2016, na mwaka 2021 kikaondoka tena na S21. Sababu walizotoa zilikuwa kasi, usalama na kuwaondolea watumiaji mkanganyiko. Sina ugomvi na sababu hizo, ni za kweli. Lakini mtu anayekuuzia nafasi ya ndani kwa bei yake, na akiisha kukuuzia hiyo anakukodisha nafasi nyingine kwenye intaneti, si shahidi asiye na upande kuhusu ubaya wa kadi. Na kule Mngeta au Utengule, kupandisha picha za harusi kwenye intaneti ni kununua bando juu ya bando.

Hapo ndipo tunafika kwenye mwaka wa swali letu. Mwishoni mwa 2015 Google walitoa Android 6.0, na ndani yake jibu jipya: badala ya kuhamisha kipande kipande, kadi nzima ifanywe sehemu ya simu. Ukipachika kadi mpya, simu inauliza unataka itumike vipi, iwe hifadhi ya kuhamishika au iwe hifadhi ya ndani. Ukichagua ya kwanza, ni lile sanduku letu la zamani. Ukichagua ya pili, simu inaifuta kadi, inaiandika upya kwa mpangilio wake, inaigubika yote kwa maandishi ya siri, na ufunguo wa siri hiyo inauhifadhi ndani ya simu yenyewe. Sanduku limekuwa chumba cha nyumba. Kwa mwenye simu iliyojaa, raha ilikuwa kubwa: programu na sehemu kubwa ya kumbukumbu zake zikaenda kwenye kadi. Na mwizi akiichomoa kadi hana cha kusoma, jambo ambalo si dogo kwa watu ambao maisha yao yote yamo kwenye simu.

Ila huwezi kuchukua chumba ukapanda nacho treni. Kadi iliyofanywa ya ndani inaisikiliza simu moja tu, na simu hiyo ikifa, ufunguo umekufa nayo. Onyo limeandikwa pale pale kwenye kioo, kwamba kadi hii itafanya kazi kwenye simu hii peke yake. Lakini anayebonyeza mara nyingi ni mpwa au kijana wa kibandani, mwenye simu amesimama kando akisubiri kilio cha "nafasi imejaa" kiishe. Naye amelelewa na miaka mingi ya kujua kwamba kadi ni sanduku.

Kwa hiyo, mama yangu wa Ifakara, simu ile iliyokufa ndiyo yenye ufunguo. Usiitupe, wala usimuuzie anayenunua simu mbovu kwa ajili ya vipuri, na usikubali mtu yeyote aifute hiyo kadi. Usiizike kwenye gunia la mchele pia; mchele wa Kilombero ni mtamu lakini hauna dawa ya kufufua simu. Mpelekee fundi mzuri simu na kadi yake pamoja. Akiweza kuiwasha simu hiyo hata kwa saa moja, kadi ikiwa ndani, bila kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani, picha zitaonekana na zitanakiliwa kwingine. Bila ufunguo ulio ndani ya simu hiyo, hakuna kompyuta ya Kariakoo wala ya Ulaya itakayozisoma. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu wapo watakaokuahidi kwa pesa.

Jambo moja linanikera zaidi katika mkasa huu. Samsung na LG walikataa kuiweka hiari hiyo katika simu zao kubwa za mwaka 2016. Ikabaki kutumika zaidi kwenye simu ndogo, zenye gigabaiti 8 au 16 za ndani, yaani simu za watu wetu, na watu wetu ndio wanaonunua kadi za bei ya chini kabisa. Kadi inayofaa kuwa chumba inahitaji wepesi wa kusoma na kuandika vipande vidogo vidogo maelfu kwa sekunde. Ndiyo maana mwaka 2016 chama cha watengenezaji wa kadi kikaanzisha alama ya A1 kwa kadi zinazofaa kuendeshea programu. Nenda leo sokoni ukaulize kadi yenye alama ya A1, uone utakavyotazamwa. Bandia ndizo zimejaa: imeandikwa gigabaiti 64, ndani mna 4, na imechezewa ili ijitangaze kubwa. Inapokea kila kitu kwa ukarimu, na ikifika mwisho wake wa kweli inaanza kuandika mapya juu ya ya zamani. Niliwahi kuuziwa moja na muuzaji mwenye duka zuri la vioo. Mahojiano ya siku mbili yalikuwamo kwa majina tu; ukiyafungua, kimya.

Kuhusu bandia tunayo kumbukumbu nzuri. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizifungia simu bandia nchini, kwa kutumia zile namba za utambulisho ambazo kila simu inazo. Simu ya namna hiyo ikawa saa na tochi tu. Kadi haina namba kama hiyo kwenye mtandao, kwa hiyo hakuna mamlaka inayoweza kuifungia kadi bandia. Lakini angalia pia kilichowezekana asubuhi yake: aliyefungiwa simu alichomoa laini na kadi, akanunua au akaazima simu nyingine, na nyimbo zake, picha zake na sauti za watu wake zikaendelea. Simu nyingi zilizokufa usiku ule zilikuwa na mifumo ya zamani, na kadi zake zilikuwa bado masanduku.

Siku hizi simu mpya za kawaida zinakuja na gigabaiti 64 au 128 za ndani, na baadhi ya watengenezaji wameiondoa kimyakimya ile hiari ya kufanya kadi kuwa ya ndani. Programu nazo zimenenepa, na simu za mkononi mwa tatu na za gigabaiti 16 bado ziko nyingi bondeni. Kijana wa kibandani ana kazi bado. Ila ukimwangalia vizuri pale stendi ya Ifakara, kadi nyingi anazojaza leo haziendi kwenye simu. Zinakwenda kwenye vile viredio vidogo vya sola vyenye kitundu cha kadi, vinavyotundikwa kwenye nguzo ya dungu wakati wa kuwinga ndege mpunga ukiiva. Kiredio hakiulizi iwe ya ndani au ya kuhamishika. Unapachika, kinaimba, betri ikiisha unachomoa na kuipeleka kwa jirani.